Kibuyu cha Ahsante

Asubuhi mvua ikikatika, hapakuwa na mahali patulivu kama kivukoni petu. Mto Ruvu ulipita taratibu na maji yake ya rangi ya chai ya maziwa, ukungu ukipanda kutoka kwenye matete. Ng'ambo ya pili, upande wa Kisarawe, watu wa Kurui walikuwa wakishuka ukingoni na mizigo yao kichwani. Mmoja wao aliokota jiwe akapiga ringi kuukuu ya lori iliyoning'inizwa pale, ngee, ngee, na huku kwetu, upande wa Kibaha, Hilario, mvushaji wetu, akaitikia kwa mluzi. Kisha ungekiona kivuko kikiondoka, mbao zilizopigiliwa juu ya mapipa matupu, kimeshikwa kwa minyororo miwili kwenye waya mnene uliofungwa ukingo hadi ukingo. Hilario alikuwa akivuta kamba na kutania abiria, na watoto wakimwita babu ingawa hakuwa na mvi hata moja.

Ndugu zangu, nawasimulia habari hii kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa vibaya. Wapo wanaosema mto ndio uliomchukua yule mtoto. Wapo wanaosema Hilario alirogwa, na mganga wanamtaja kwa jina. Mto haukumgusa mtoto, na Hilario hakurogwa na mtu. Nisikilizeni hadi mwisho, halafu mkitaka kukasirika, kasirikeni.

Ilikuwa ni miaka ile ya baada ya Operesheni Vijiji, tulipotolewa mabondeni tukakusanywa pamoja. Kivuko tulikijenga wenyewe kwa kazi ya kujitolea, na halmashauri ya kijiji ikatangaza kuwa hakuna atakayelipa kuvuka. Mto ni wetu na kivuko ni chetu. Hilario alipangiwa kukiendesha kwa sababu aliyajua maji kuliko mtu yeyote, akasamehewa shamba la ujamaa, akaahidiwa mgawo wake wa mahindi kama wengine. Mgawo ulikuwa ukichelewa, na mara nyingine ulisahauliwa kabisa. Watu waliliona hilo. Wakaona haya kuvushwa bure kila siku na mtu ambaye watoto wake wanakula mihogo mikavu.

Hapo ndipo desturi ilipoanza. Wagema wa upande wa Kurui walikuwa wakivuka kila asubuhi na tembo la mnazi kwenda kuuza huku kwetu. Mmoja wao, Leodegar, mtu mcheshi na mkarimu, alining'iniza kibuyu kwenye nguzo ya kivuko akamimina kidogo. Akasema hiyo ni ahsante ya Hilario. Mwenzake naye akamimina kidogo. Baada ya muda hakuna mtu aliyepita na tembo bila kumimina, hata wanunuzi wa kwetu waliolifuata ng'ambo wakirudi nalo. Mtu ambaye hakumimina alitazamwa kama amepita nyumbani kwa mtu bila kusalimia.

Kila mmoja alimimina kidogo tu. Naomba neno hili mlishike, maana ndilo lililotumika kama utetezi baadaye.

Mzee Mwinshehe peke yake, mvuvi wa kambale, hakuwa na habari na kibuyu. Yeye hakunywa wala hakubeba pombe. Akivushwa, alipita nyumbani kwa Hilario akamkabidhi mkewe samaki mkononi, akaenda zake. Watu walimwona bahili, kwa kuwa ahsante yake haikuning'inia mahali pa kuonekana.

Mke wa Hilario aliitwa Benedikta. Alikuwa mwanamke mrefu, mtaratibu, asiyependa maneno mengi. Yeye ndiye aliyeona kwanza. Aliona mumewe akirudi jioni na macho mekundu, kisha akirudi mchana, kisha akiletwa. Mikono ya Hilario ikaanza kutetemeka asubuhi mpaka apate kikombe cha kwanza. Akaacha kukagua vizibo vya mapipa. Akaacha kuwauliza watoto wamekula nini. Hakuwa mkali hata siku moja, na hilo ndilo lililomchosha Benedikta zaidi, kwa sababu mtu mkali unaweza kumkimbia. Hilario alilia, akaahidi, na kesho yake Leodegar akapita na tembo.

Mkimuuliza kwa nini hakukataa, nitawajibu. Hilario alikuwa mtu wa kuona haya. Kwake yeye, kurudisha mkono wa mtu anayekupa kitu kwa moyo mweupe ilikuwa ni kumtukana. Na sisi tulilijua hilo.

Benedikta akaanza kuvuta kamba mwenyewe nyakati za mchana mumewe akiwa amelala. Alijifunza kwa kumtazama. Alijifunza kwamba maji yakijaa unaukaza mnyororo wa mbele na kuulegeza wa nyuma, ili kivuko kikae upande na mto wenyewe usaidie kukisukuma. Ukikosea, maji yanakipiga ubavuni na kupanda juu ya mbao. Alivusha watu salama. Kisha siku moja akakishusha kile kibuyu akakipasua.

Kesho yake kulikuwa na kibuyu kipya, kikubwa kuliko cha kwanza.

Wagema wakanung'unika. Wake zao wakasema huyu mama ana roho mbaya, anamzibia mumewe riziki. Shauri likafika kwa mwenyekiti wa kijiji, Melkiori, ambaye naye alikuwa na kikombe chake pale kivukoni. Benedikta aliitwa barazani mbele ya wajumbe. Alisema maneno machache.

"Ndugu Mwenyekiti, sina ugomvi na mtu. Naomba mnisaidie jambo moja tu. Msimpe. Mkiona mnamwonea huruma, mpeni mgawo wake wa mahindi."

Wajumbe walicheka kidogo, si kwa ubaya. Melkiori akamjibu kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto. "Mama Stella, mumeo anapendwa. Wewe unataka tuwakataze watu kumpenda? Kivuko ni cha kijiji, si cha nyumba yako. Aliyepangiwa kazi ile ni Hilario. Wewe zamu yako ni shamba la ujamaa, na ile kamba usiishike tena."

Mzee Mwinshehe alikuwepo. Aliangalia chini tu. Benedikta akafunga kanga yake vizuri, akaaga, akaondoka. Sisi tulioketi pale tuliona shauri limekwisha vizuri.

Sasa, binti yao wa kwanza, Stellamaris, alikuwa ameolewa ng'ambo, huko Kurui, na kijana aitwaye Andrew. Mwaka huo alikuwa na mimba yake ya kwanza, na ilitarajiwa masika. Zahanati yenye mkunga ilikuwa huku kwetu. Kwa hiyo kila mtu alijua kwamba siku yake ikifika, Stellamaris atavuka mto kwa mkono wa baba yake.

Habari ile ya mjukuu ilimgusa Hilario. Jumatano ya Majivu alitoka kanisani na alama ya jivu kwenye paji la uso, akaenda moja kwa moja kivukoni, akakishusha kibuyu mwenyewe. Akasema Kwaresima hii anafunga, na Mungu akipenda atafunga moja kwa moja. Watu walimwachia, kwa sababu ya Kwaresima. Kumfuata mtu na pombe wakati wa mfungo hata Leodegar aliona ni dhambi.

Siku za mwanzo Hilario aliugua. Alitetemeka, alitapika, Benedikta alimkanda na kumnywesha uji. Kisha akaamka. Mnakumbuka, ndugu zangu, wiki zile? Mluzi ulirudi mtoni. Mapipa yalikaguliwa kila asubuhi. Nyumbani kwake kulikuwa na kicheko, na watoto wake wadogo walikuwa wakimsubiri njiani jioni. Akachukua mbao akatengeneza kibenchi chenye mgongo, akakipigilia katikati ya kivuko. Akawaambia abiria kwamba hiki ni cha Stella, asije akakaa mtu mwenye matope. Benedikta alinenepa kidogo. Sijui kama kuna aliyemwona akitabasamu kabla ya hapo.

Kisha ikaja Pasaka.

Jumatatu ya Pasaka watu walikuwa wakitembeleana, huku na ng'ambo. Akina mama zamu yao ilikuwa shambani, kwa sababu mwenyekiti alisema magugu hayajui sikukuu. Wanaume, inaonekana, waliijua. Asubuhi na mapema Leodegar alifika kivukoni na kibuyu kipya, kimepambwa kwa shanga, akakining'iniza kwenye nguzo. Alifurahi kweli. Alidhani anamtendea rafiki yake wema.

"Kwaresima imekwisha, Hilario. Umetuvusha wakati wote ule mdomo mkavu. Leo ni siku yako."

Hilario alikitazama kibuyu kwa muda. "Leo nina kazi, kaka," alisema. "Mto unajaa."

"Kwa hiyo ahsante yangu unaitupa?"

Hilario akaona haya. Akacheka, akapokea kikombe kimoja. Abiria waliofuata wakasikia kwamba Hilario amefungua, wakafurahi nao, wakamimina. Wengine walimimina mara mbili, moja ya leo na moja ya kufidia Kwaresima. Hivyo ndivyo walivyosema, kufidia Kwaresima. Adhuhuri kivuko kilikuwa kimefungwa upande wetu, na Hilario amelala chali juu ya mbao, kichwa chake kando ya kile kibenchi.

Mvua ilikuwa imenyesha sana huko juu mto unakotoka. Alasiri mvua ikaanza na huku kwetu, maji yakapanda, yakawa mazito, yanabeba matawi. Ndipo ringi ya ng'ambo ilipoanza kulia. Mwanzoni hakuna aliyejali, maana ilikuwa sikukuu na watu wamekuwa wakipiga ringi kutwa. Lakini ile haikukoma. Kawaida mtu hupiga, husubiri, hupiga tena. Huyu alipiga bila kupumzika.

Tukashuka ukingoni. Tukamwona Andrew, anapiga kwa mikono miwili. Karibu naye kwenye matope alikuwa amelala mtu, na Yosefina, mama yake Andrew, ameshika kanga kumkinga na mvua. Hapo kila mtu akaelewa.

Walimtikisa Hilario. Walimmwagia maji. Melkiori mwenyewe alimpiga makofi ya mashavu akimwita kwa jina, akamwambia Stella yuko ng'ambo, Stella anaita. Hilario akafungua macho. Akaisikia ringi. Akatabasamu, tabasamu zuri la mtu aliyependwa na watu.

"Mwambieni nimesikia," alisema. "Amimine tu kibuyuni. Nitakunywa nikiamka."

Akafumba macho.

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, na bado sijasikia neno lililonichoma kama hilo. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Wanaume wakamwinua Hilario, wakamlaza ukingoni, wakaingia kivukoni wenyewe. Wote walikuwa wamevushwa na kivuko kile mara nyingi kupita kuhesabu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutazama minyororo. Waliukaza usiopaswa kukazwa. Kivuko kilipotoka tu ukingoni maji yalikipiga ubavuni, yakapanda juu ya mbao hadi magotini, na pipa moja likaanza kuzama. Wakarudi kwa shida. Ringi ikaendelea kulia.

Huko shambani Benedikta aliisikia. Mke wa mvushaji anajua mlio wa mtu mwenye haraka na mlio wa mtu mwenye shida. Alikimbia na jembe begani, akasahau kuliweka chini. Alipofika ukingoni watu walimpisha. Alimwona mumewe amelala, akapita kando yake. Alimwona Melkiori, aliyemkataza kushika kamba. Melkiori akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa.

Benedikta akaziba pipa, akapanga minyororo, akageuka. "Nipeni watu wa kuvuta," alisema. "Ambao hawakunywa."

Wanaume wazima, wenye nguvu, walisimama pale kwenye mvua na hakuna aliyeinua mguu. Alijitokeza Mzee Mwinshehe na uzee wake, na Laurentia, mama mmoja aliyekuwa amemfuata kutoka shambani. Basi hao ndio waliovuta.

Walifika ng'ambo. Lakini Stellamaris alikuwa amekwisha kujifungua palepale kwenye matope, juu ya kanga ya mkwewe. Mtoto alikuwa wa kiume. Alitoka amechoka, kitovu kimemkaba, analia kwa sauti ndogo na kunyamaza, na mama yake anatokwa damu nyingi. Wakawapakia. Stellamaris hakuweza kukaa kwenye kibenchi alichotengenezewa. Alilazwa chini yake, mtoto kifuani, na Yosefina amemshika miguu.

Katikati ya mto ile sauti ndogo ilikoma.

"Mama," Stellamaris aliuliza, "mbona amenyamaza?"

Benedikta hakugeuka. Kama angeiachia kamba angewapoteza wote. "Vuta, mzee," alimwambia Mwinshehe. "Vuta, Laurentia." Na yeye akavuta. Laurentia ndiye aliyetuambia baadaye kwamba Benedikta alikuwa akilia bila kutoa sauti, na kwamba hakukosea hata mvuto mmoja.

Mkunga alimwokoa Stellamaris. Mtoto hakuwa wa kuokolewa tena. Laiti wangefika mapema, alisema mkunga, kumwokoa mtoto aliyekabwa na kitovu ni jambo alilokuwa akilifanya mara nyingi. Alisema hivyo kwa huzuni tu, bila kumlaumu mtu, na alikuwa hajui kwamba anazungumza nasi tuliojaza kile kibuyu.

Hilario aliamka usiku akaambiwa. Sitaeleza namna alivyopokea. Kuna mambo ya mtu ambayo hata msimulizi anapaswa kuyaacha ndani ya nyumba yake.

Tulizika. Watu wakajaa msibani kutoka pande zote mbili, kwa maana kweli Hilario alipendwa. Na siku ya kuanua tanga, ndugu zangu, asubuhi, Benedikta alishuka kivukoni kuwavusha watu wa Kurui waliokuwa wakirudi kwao, akakuta kibuyu kwenye nguzo. Kimejaa. Mtu alikuwa amekileta ili Hilario apoze moyo.

Hakupiga kelele. Alikichukua kibuyu, akapanda nacho kwenye kivuko, akakiweka juu ya kile kibenchi cha Stella. Abiria wakapanda, na Leodegar akiwemo. Melkiori naye alipanda, anawasindikiza wageni. Benedikta akavuta hadi katikati ya mto, akafunga kamba, akakaa chini. Mto ukapita chini yetu.

"Nilitaka kumjua aliyempa baba Stella pombe nyingi," alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imechoka, haikuwa na ukali. "Nimetafuta. Hayupo. Kila niliyemuuliza ananiambia yeye alimpa kidogo tu. Basi hakuna aliyeniulia mjukuu. Lakini kila aliyewahi kumimina humu, leo amwage, kidogo tu, halafu tutaondoka."

Leodegar ndiye aliyesimama kwanza. Alikuwa analia kama mtoto. Alikichukua kibuyu akamwaga kidogo mtoni, akampa aliyekuwa karibu naye. Kilizunguka mkono kwa mkono, mwanaume kwa mwanaume, hadi kwa mwenyekiti, na kilipomfikia Melkiori kilikuwa kimekwisha. Akakiinamisha kitupu hata hivyo, akaking'ang'ania hivyo kwa muda, kisha akakiachia kiende na maji. Benedikta akafungua kamba.

Baada ya hapo kazi ya kivuko ilipewa Benedikta, na mgawo wake haukuchelewa tena. Hilario alimsaidia kukagua mapipa. Aliacha pombe, akarudia mara moja kwenye harusi ya mtu, akaacha tena. Hata siku hiyo alipoanguka kulikuwa na mtu karibu aliyemtakia mema, kikombe mkononi. Mluzi wake hatukuusikia tena. Kuhusu Stellamaris, alipona, na baadaye alipata watoto wengine. Lakini kivuko kile hakukipanda tena maishani mwake. Akitaka kumwona mama yake alizunguka na barabara hadi kwenye daraja, safari ya kutwa nzima, na watoto mgongoni. Hilario alikuwa akimsubiri upande huu, amesimama mbali kidogo, mpaka Stellamaris alipomwita, "Baba, njoo uwachukue wajukuu zako."

FUNZO

Ndugu zangu, ulevi wa Hilario haukutoka dukani wala kilabuni. Ulitoka kwetu, kikombe kimoja kimoja, kwa nia njema. Msijifiche nyuma ya udogo wa kikombe chenu. Mlevi hanywi kikombe chako peke yake.

Mwanamke akija kuwaambia kwamba mumewe anaangamia, msimwambie kwamba mumewe anapendwa. Yeye ndiye anayelala naye, anayemwosha na kumsubiri. Msikilizeni siku ile ile, wala msingoje ringi ilie.

Anayewatumikia mpeni haki yake kwa wakati, ili msilazimike kumfariji kwa kitu kitakachomuua. Na mtu akijizuia, muda wowote, mwacheni ajizuie. Msimlazimishe kufidia.

Kushukuru ni jambo zuri, sisemi muache. Nasema hivi: kama una ahsante moyoni, fanya kama Mzee Mwinshehe. Mpelekee mtu nyumbani kwake kitu ambacho watoto wake wanaweza kukila.